Kilichomo Ndani ya Ufa

Methali ya ufa na ukuta tunaijua tangu shule ya msingi, na kwa sababu tunaijua mno hatuisikilizi tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Inatuhimiza tuwahi, na inatuonya juu ya gharama. Kitu kimoja haikigusi kabisa, nacho ni kilichomo ndani ya ufa wakati unapouziba. Nadhani aliyeitunga alikuwa anautazama ukuta wa udongo. Ukuta wa udongo haujali. Unakandika tope juu ya tope, vumbi la zamani linalainika kwa maji mapya, na yakikauka vyote vinakuwa udongo mmoja.

Kioo hakiko hivyo, na kioo ninachokifikiria ni cha mbele ya gari, kwenye barabara ya Kilwa.

Barabara hiyo inaanzia Dar es Salaam, inapita Mkuranga, na kabla hujamaliza kilomita 150 umefika Kibiti. Kwa dereva wa kusini Kibiti ni mahali pa kunyoosha miguu: korosho kwenye vifuko, machungwa, chai ya haraka. Abiria wa Mafia wameshashuka nyuma kidogo, pale Bungu, kushika njia ya Nyamisati na boti. Mbele ni Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, mita 970 juu ya Mto Rufiji. Waliosafiri kabla ya hapo wanaikumbuka pantoni ya Ndundu na malori yaliyolala foleni yakingoja zamu. Wanazikumbuka pia kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga, ambazo ziliendelea kuwa vumbi kiangazi na tope masika kwa miaka mingi baada ya daraja kuwapo.

Siku hizi ni lami, lakini lami haijamaliza mawe. Malori ya saruji ya Mtwara yanapita, ya korosho yanapita, na mabega ya barabara ni changarawe tupu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliikata njia upande wa Somanga, na palipokatika pakajazwa mawe na vifusi ili magari yapite kwanza, mengine baadaye. Kokoto moja ikibanwa kati ya tairi mbili za nyuma za lori, inazunguka nazo mpaka inapochomoka. Ukiwa nyuma yake unasikia mlio mkavu mmoja. Abiria wa kiti cha mbele anashtuka, dereva anatukana kidogo, safari inaendelea. Kwenye kioo pamebaki kidonda kisichozidi punje ya dengu.

Kioo cha mbele si kioo kimoja. Ni vipande viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikivunjika hakimwagiki mapajani kama vile vya milangoni. Jiwe hupasua kile cha nje tu. Hewa inaingia mahali ambapo haikuwapo. Nuru inapopita kwenye kioo kisha ikakutana na hewa hiyo hupinda, na kupinda huko ndiko jicho linakokuona kama nyota ndogo au mduara wa kijivu. Kwa hiyo alama unayoiona ni pengo lenyewe. Fundi anachofanya ni kulijaza pengo kwa gundi maalumu, nyepesi kama maji, inayopindisha nuru karibu sawasawa na kioo. Anaisukuma ndani kwa kifaa mfano wa bomba la sindano kilichobanwa juu ya kidonda, anavuta hewa, anasukuma tena, kisha anaikausha kwa taa ya urujuanimno. Kidonda kikiwa cha jana, au hata cha wiki hii na gari halijaoshwa, kazi hiyo inakaribia mazingaombwe. Nyota inafifia, na unabaki unakitafuta kidonda kwa kidole.

Kikiwa cha mwaka jana, habari ni nyingine.

Na vingi vya barabara hii ni vya mwaka jana. Fundi mwenye vifaa yuko Dar, dereva yuko Ikwiriri, na gari likilala siku moja hesabu ya tajiri haitimii. Hivyo anasubiri. Kila asubuhi kijana wa kuosha magari anapitisha sabuni ya unga, na maji ya sabuni yanaingia ufani kwa urahisi kuliko gundi yoyote, kwa kuwa ufa mwembamba hunyonya kama utambi. Mchana jua linayakausha. Maji yanaondoka, sabuni inabaki. Vumbi jekundu la njia za ndani linafuata. Ukishuka upande wa delta, hewa yenyewe ina chumvi. Siku moja mtu anafungua kiyoyozi kioo kikiwa cha moto, au anakimwagia maji ya baridi, na ule mduara unaota mguu. Hapo ndipo dereva anapokumbuka methali.

Nimekaa zaidi ya mara moja kwenye benchi la fundi vioo mmoja huko Ilala, mtu mzima, asiyependa maneno mengi. Kijana wa Noah aliyetoka kusini alileta kidonda cha namna hiyo, cheusi katikati kama mboni ya jicho.

"Shikamoo mzee. Hii itatoka yote?"

"Marahaba. Ufa utasimama, mwanangu. Weusi utabaki nao."

"Kama unabaki, nakulipa nini sasa?"

"Unanilipa usimame."

Kisha akaanza kusafisha, na hapo nilijifunza kwamba kusafisha ndiyo kazi nzima na gundi ni hitimisho tu. Anakausha kwanza kwa joto la polepole, maana unyevu ukifungiwa ndani utageuka ukungu mweupe. Anachokonoa mdomo wa kidonda kwa ncha ya chuma, punje kwa punje. Anatia dawa ya kuyeyusha mafuta, anaivuta, anaitia tena. Kila anachofanya kina hatari yake. Akilazimisha, uchafu unazama kwenye vidole vya ufa ambako hakuna sindano inayofika. Akibonyeza mno, ufa unakimbia mbele ya macho yake. Akiacha uchafu mwingi, gundi inashika vumbi badala ya kushika kioo, na baada ya masika mawili itaachia. Lazima aamue wapi aseme basi. Siku ile alisema basi wakati weusi ulikuwa umepungua nusu, akajaza, akakausha. Kijana alilipa. Hakuonekana mwenye furaha wala mwenye kinyongo.

Swali langu liko hapo, na sidhani ni swali la magari peke yake. Kuziba ufa ambao unajua bado una uchafu ndani, ni tengenezo au ni uficho?

Jibu la haraka ni kwamba inategemea umesema nini. Fundi yule alisema kabla. Wapo wasiosema. Wapo wanaotia gundi ya haraka ya dukani, ile ya kuunganishia viatu; inakauka kwa dakika, inang'aa, gari linauzwa wiki hiyohiyo, na mnunuzi anakuja kuona manjano miezi kadhaa baadaye. Gundi ile ina ubaya mwingine unaopita wa rangi: imeshaziba mdomo wa kidonda. Fundi stadi akiletewa baadaye hana pa kupitisha sindano. Yule wa kwanza alifanya vibaya, na zaidi ya hapo akamnyima anayemfuata nafasi ya kufanya vizuri. Wapo pia wanaobandika stika ya usalama barabarani juu ya ufa, na trafiki anaona stika.

Lakini jibu hilo la "inategemea umesema nini" halinitoshi. Hata aliyesema ukweli amefunga kitu ambacho hakitafunguliwa tena. Gundi ile ikishakauka haitoki. Vumbi lililobaki limekuwa sehemu ya kioo mpaka kioo kitakapotupwa. Kwa hiyo kuna uamuzi wa kimaadili unaotangulia maneno: nisafishe kwa muda gani, na nani anapangiwa kusubiri wakati nasafisha.

Mafundi wa delta wana bahati ambayo fundi vioo hana. Chombo cha mbao, kiwe mashua au jahazi la kubeba boriti za mikoko, kinavuja kwenye maungio ya mbao, na dawa yake ni kalafati: pamba iliyolowa mafuta inasindiliwa kwa patasi na nyundo mpaka ujia umejaa. Ila kabla ya pamba mpya, ya zamani inavutwa yote. Inatoka nyeusi, imeoza, ina harufu ya bahari iliyokwama. Ukipita Nyamisati maji yakiwa yamekupwa utaiona imetupwa matopeni kando ya vyombo, na hakuna anayeona aibu nayo. Mbao inaruhusu. Unaweza kukalafati chombo kilekile miaka na miaka, kila mara ukianza kwa kutoa. Utamaduni mzima wa matengenezo umejengwa juu ya dhana kwamba cha zamani kinaweza kutolewa kikaonekana na watu wote wa pwani, ndipo kipya kiingie. Kioo kinakupa nafasi moja.

Nimetaja Kibiti mara kadhaa kana kwamba ni kituo cha chai tu. Kwa Mtanzania aliyekuwa anasoma magazeti mwaka 2017, jina hilo lina uzito mwingine, na sioni uaminifu wa kuandika habari ya nyufa za Kibiti kisha nikaishia kwenye vioo.

Kati ya 2015 na katikati ya 2017 watu zaidi ya 30 waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wengi walikuwa viongozi wa chini kabisa, wale tunaowajua kwa sura: mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji, mtendaji. Waliitwa nje usiku au walifuatwa njiani na watu waliokuja kwa pikipiki. Tarehe 13 Aprili 2017 gari la polisi lilishambuliwa kwa risasi Mkengeni, wilayani Kibiti, na askari wanane wakafa. Ulinzi ukaongezwa, pikipiki zikazuiwa kutembea usiku. Watu waliacha nyumba zao na mashamba yao. Zipo familia zilizolalamika kwamba ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi. Halafu mauaji yakakoma, tukaambiwa hali ni shwari. Ilikuwa shwari kweli. Basi la kusini lilisimama tena Kibiti jioni bila konda kuharakisha watu.

Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia Mwananchi kutoka hukohuko Kibiti, alikuwa miongoni mwa walioandika habari za mauaji yale. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, wakati huo waziri wa mambo ya nje, alipohojiwa na BBC alizungumza kana kwamba Azory alitoweka na kufariki. Baadaye akasema hakueleweka. Maneno yakatolewa, yakarudishwa. Huo ndio mfano wangu wa ncha ya chuma iliyogusa mdomo wa kidonda na kuondolewa haraka.

Najua pingamizi, na pingamizi hilo lina haki. Aliyekuwa Kibiti mwaka 2017 hakuhitaji insha. Alihitaji kulala ndani ya nyumba yake, kuvuna korosho, kupeleka mtoto zahanati usiku bila kuogopa mlio wa pikipiki. Kumwambia asubiri mpaka uchafu wote utoke ndipo apewe utulivu ni ukatili wa mtu aliyekaa mbali. Kijana wa Noah angefanyaje? Mguu wa ufa ulikuwa unaelekea usawa wa macho yake. Kioo kilichozibwa kikiwa na weusi kinabeba abiria salama. Kioo kisafi kinachopasuka Mbwemkuru hakimsaidii mtu. Kama ningekuwa na nyumba Bungu au Jaribu mwaka ule, ningesema zibeni, zibeni leo.

Nakubali hayo yote isipokuwa jambo moja, nalo ni yule fundi kusema "weusi utabaki nao" kabla hajashika sindano. Kibiti ilizibwa, na tukaambiwa kioo ni kipya. Anayeuliza leo waliopotea wako wapi anajibiwa kana kwamba yeye ndiye anayelitafuta jiwe la kukipiga kioo, wakati anachofanya ni kuonyesha weusi uliokuwamo siku zote. Katika gereji, dereva akimuuliza fundi, "Mzee, hiki cheusi ni nini?", fundi hamkasirikii. Anajua alikiacha, na anajua kwa nini.

Hapa pia mfano wangu wa kioo unaanza kunitupa mkono, na afadhali niuache ufanye hivyo. Gundi ikikauka imekauka. Mji si gundi. Mambo ya watu yako karibu zaidi na mbao za Nyamisati kuliko yalivyo karibu na kioo: pamba ya zamani inaweza kuvutwa hata baada ya miaka, ikatoka nyeusi, watu wakaiona, chombo kisizame. Afrika Kusini walijaribu mwaka 1996 kwa tume iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu, wakavuta nyingi na kuacha nyingine. Kenya nayo ilikuwa na tume yake ya ukweli, haki na maridhiano baada ya damu ya 2007 na 2008, ripoti ikatoka 2013, na sehemu kubwa ya mapendekezo yake bado imelala. Sitaji hizo kama vielelezo vya ushindi. Nazitaja kwa sababu mahali hapo walau mtu aliitwa mbele, akakaa kwenye kiti, akasema jina la aliyempoteza, na likaandikwa.

Mafundi wana ushauri mmoja kwa dereva aliyepigwa jiwe akiwa mbali na gereji, nao ni rahisi mno kiasi kwamba wengi wanaupuuza. Bandika selotepu safi juu ya kidonda siku hiyohiyo. Usioshe pale. Selotepu haitengenezi chochote, haizuii hata ufa kukimbia. Kazi yake ni kuzuia sabuni na vumbi visiingie mpaka ufike kwa mwenye sindano. Kwa mbali inafanana na ile stika ya kuficha; vyote viwili ni karatasi iliyobandikwa juu ya ufa. Lakini selotepu unaona kupitia kwake, na imewekwa kwa ajili ya fundi atakayekuja.

Naiona kazi ya mwandishi wa habari wa wilayani kwa namna hiyo. Hana mamlaka ya kukamata wala ya kuhukumu. Anaandika nani, wapi, saa ngapi, nani aliona, jambo likiwa bado la leo, kabla uvumi na hofu havijaingia na kugandamana na kilichotokea hadi visitenganishike. Anaihifadhi hali ya kidonda. Ukimwondoa yeye, ufa unaendelea kuwapo, ila kila mvua inayopita inauchafua zaidi, na siku mwenye sindano atakapokuja, kama atakuja, atakuta mduara mweusi na mashahidi wanaokumbuka mambo matano tofauti.

Mtoto aliyezaliwa Kibiti mwaka ule wa 2017 amekwisha kuingia shule ya msingi. Atakuwa amefundishwa ile methali, au yuko karibu kufundishwa. Pengine anatoka darasani, anapita kandokando ya barabara ya Kilwa akitembelea changarawe, malori ya saruji yakimpita, na nyumbani kuna bibi ambaye husimamisha mazungumzo kila jina fulani linapotajwa. Watoto hawachelewi kuuliza. Atauliza akiwa anamenya chungwa, bila kujua ameuliza nini, na bibi atakuwa na sekunde chache za kuamua atamwambia nini mjukuu wake.